Maswali yenu: historia kwa watoto wa shule ya msingi

Barua za walimu na wazazi wa Arusha na Moshi kuhusu somo la Historia ya Tanzania na Maadili zimekuwa nyingi, na nyingi zinagusa mambo yale yale: tarehe zisizokaa kichwani, habari nzito zinazohitaji kusemwa kwa mtoto wa miaka tisa, na madarasa makubwa yasiyo na vitabu vya kutosha. Tumechagua sita. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu kazi yake ni ya mikono na hatua zake zikirukwa haifanyi kazi.

Nafundisha darasa la tatu, Sekei, Arusha. Watoto wanataja 1961, 1964 na 1967 bila kukosea. Nikiwauliza Muungano ulikuja kabla au baada ya Wajerumani kuondoka, nusu ya darasa wanabahatisha. Nifanyeje?

Mwalimu, mtoto wa miaka tisa hana mahali pa kuiweka namba 1961. Anaishika kama anavyoshika namba ya simu ya mama yake. Anachohitaji ni kuiona miaka imekaa ukutani kwa mpangilio, aweze kuigusa na kuipima. Tengeneza kamba ya miaka.

Tafuta kamba ya katani ya mita 8 na nusu. Usitumie ya nailoni, maana inavutika. Wiki mbili tu imelegea na vipimo vyako vyote vimehama. Kipimo ni sentimita 5 kwa mwaka mmoja. Anza 1880, ishia 2030: miaka 150, yaani mita 7 na nusu, na inabaki nusu mita kila upande ya kufungia kwenye msumari. Kila baada ya sentimita 50 funga uzi mwekundu wa sufu. Utafunga nyuzi 16, na kutoka uzi hadi uzi ni miaka kumi. Ukipunguza kipimo hadi sentimita 2, matukio ya miaka ya 1960 yatabanana yasisomeke; ukikiongeza hadi 10, kamba haitaenea darasani.

Sasa usianze na 1880. Anza upande wa kulia, kwenye mwaka huu. Mtoto wa miaka tisa ni sentimita 45 za kamba. Kila mmoja apime kwa rula kutoka mwaka huu kurudi nyuma, abane kikaratasi chenye jina lake. Halafu mwaka wa kuzaliwa mama au mlezi wake, halafu wa babu au bibi. Kipindi cha kwanza kiishie hapo, bila tukio hata moja la taifa. Kipindi cha pili ndipo unapoleta kadi ya Uhuru na kuiweka mita 4 na sentimita 5 kutoka mwanzo, kisha unauliza: bibi yako yuko kushoto au kulia kwa Uhuru? Hapo namba inaanza kuwa kabla na baada.

Mambo yaliyochukua muda mrefu usiyawekee kadi. Yawekee utepe wa kitambaa wenye urefu wake halisi. Majimaji, 1905 hadi 1907, ni sentimita 10. Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ni sentimita 20. Kwa huku kwetu, utepe wa Wajerumani unaanza 1885 walipoanza kudai nchi na unaishia Machi 1916, majeshi ya Uingereza yalipoingia Moshi na kisha Arusha. Huo ni mita moja na sentimita 55. Kutoka mwisho wa utepe huo hadi kadi ya Muungano kuna mita 2 na sentimita 40, na mtoto akizitembea kwa kidole hatakuuliza tena kipi kilitangulia. Walimu wengi wanaweka kadi moja iliyoandikwa "Utawala wa Waingereza", na watoto wanabaki wakidhani ulikuwa jambo la siku moja.

Kuna mambo mawili yanayoharibu kamba. La kwanza ni kadi nyingi: kadi saba zinatosha muhula wa kwanza. La pili ni kadi pana. Uhuru, 1961, na Jamhuri, 1962, zimepishana sentimita 5 tu, hivyo kata kadi za sentimita 8, na ile ya pili uining'inize kwa uzi chini ya ya kwanza. Ukiisogeza pembeni ili ipate nafasi, umeshawafundisha mwaka usio wake.

Tunapenda sana zoezi moja la mwisho, na linafaa zaidi Arusha kuliko mahali pengine popote. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lina umri wa takriban miaka 1,750,000. Waulize: kwenye kamba yetu likae wapi? Watasema 1959, na hapo ndipo penye somo lenyewe. Kadi ya "fuvu limepatikana" inakaa 1959, jirani kabisa na Uhuru. Mwenye fuvu mwenyewe, kwa kipimo cha sentimita 5, yuko umbali wa kilomita 87 na nusu: ukianza kuivuta kamba kwenye Mnara wa Saa, unapita Usa River, unapita Moshi mjini, na bado hujamfikia. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zingekuwa kilomita 180, yaani karibu na Same. Usilifanye zoezi hili kabla watoto hawajaizoea kamba kwa wiki kadhaa, kwa sababu litawapita.

Mwanangu, darasa la nne Moshi, ameandika kwamba Mlima Kilimanjaro uligunduliwa na Rebmann. Mwalimu kampa vema. Mimi sikubali. Nani yuko sahihi?

Mzazi, umefanya vizuri kutokukubali. Milima haigunduliwi na mgeni wakati watu wanalima mtelemko wake na kuupa majina vilele vyake. Johannes Rebmann, mmisionari, aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Mswahili wa pwani aitwaye Bwana Kheri, ambaye alikuwa akiujua tayari. Sentensi iliyo sahihi ni hii: Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwa wasomaji wa Ulaya kwamba ameuona, na baadhi ya wasomi wa huko walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta.

Ongea na mwalimu kwa upole. Mara nyingi swali limenakiliwa tu kutoka mtihani wa zamani. Mpendekezee swali jingine kwa tukio lilelile: "Ni nani walioujua Mlima Kilimanjaro kabla ya 1848, nasi tunajuaje?" Vivyo hivyo kwa kilele: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia tarehe 6 Oktoba 1889, na safari yao isingewezekana bila waongozaji na wapagazi wa Kiafrika. Mtoto akitaka tarehe ya kushika, mpe pia 9 Desemba 1961, siku ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni, na kilele kikaanza kuitwa Uhuru.

Nafundisha darasa la tano Old Moshi. Siwezi kuikwepa habari ya Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, watoto wanaisikia nyumbani. Lakini kunyongwa, fuvu, na koo ambazo wajukuu wao wamekaa dawati moja, ninaogopa kuharibu. Nianzie wapi?

Mwalimu, usiikwepe. Ukinyamaza wewe, watoto wataisikia nusunusu na kuijazia wenyewe.

Tenga vipindi vitatu vya dakika 40. Kosa la kwanza ni kuimaliza kwa kipindi kimoja, kwa sababu tukio la 1900 litameza mengine yote na watoto watakumbuka kamba ya kunyongea tu.

Kipindi cha kwanza kisiwe na Mjerumani hata mmoja. Chora mlima ubaoni, na kwenye mtelemko wa kusini weka majina ya Siha, Machame, Kibosho, Old Moshi, Kilema na Marangu. Waeleze kwamba kila mahali palikuwa na Mangi wake, yaani mtawala wake, kwamba walifanya biashara na misafara ya pwani, waliwindana na kupatana. Watoto lazima waelewe kwamba mwaka 1885 hakukuwa na utawala mmoja wa Wachaga wote. Bila hilo, yatakayofuata yote yataonekana kama usaliti.

Kipindi cha pili ni mapatano na vita. Mangi Rindi wa Moshi alitia saini mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Uliza: Rindi alitaka kupata nini, na Wajerumani walitaka nini? Acha vikundi vijibu kabla hujasema neno. Mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Mangi Sina wa Kibosho, na wapiganaji wa Rindi walikuwa upande wa Wajerumani. Rindi akafa mwaka huohuo, mwanawe Meli akatawala. Mwaka 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akauawa. Mwaka 1893 wakarudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa.

Angalia jinsi habari hii inavyojilinda yenyewe. Baba alipatana na wageni na kuwasaidia dhidi ya jirani. Mwana alipigana nao. Mtoto mwenye jina la ukoo fulani hawezi kunyooshewa kidole, maana upande ule ule umefanya yote mawili. Na wakati wa kutaja uhasama wa Meli na Mangi Marealle wa Marangu, utaje kama ulivyokuwa: ushindani wa watawala wawili jirani, kila mmoja akitafuta nguvu ya kumzidi mwenzake. Weka sheria ya darasa mapema na uiandike ubaoni: hakuna anayejibia ya babu wa babu yake.

Kipindi cha tatu ni tarehe 2 Machi 1900. Sema sentensi mbili zilizonyooka: Wajerumani waliwatuhumu Meli na viongozi wengine kwamba wanapanga uasi. Wakawanyonga watu 19, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, na viongozi kutoka Meru na Arusha. Sema hivyo mara moja, kwa sauti ya kawaida, uendelee. Usieleze mwili, usichore mti, na igizo la tukio hili lisiwepo kabisa, hata watoto wakiomba. Watoto wakiigiza kunyongwa watacheka, si kwa ubaya, ila kwa sababu hawajui la kufanya, na kicheko hicho kitamkaa vibaya mtoto wa familia husika.

Swali la fuvu litakuja tu. Jibu linalotosha kwa darasa la tano: Wajerumani wa wakati ule walichukua mafuvu mengi ya watu wa makoloni na kuyapeleka kwao, na familia ya Meli kwa miaka mingi imekuwa ikilitafuta fuvu lake lirudi lizikwe. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na jamaa walio hai Tanzania. La Meli halikuwamo. Watoto wakubwa wanaipokea habari hii kwa utulivu kuliko tunavyodhani, na ndiyo inayowaonyesha kwamba historia ya mwaka 1900 bado haijafungwa.

Funga kipindi kwa kuandika, kimya, dakika kumi: "Jambo moja ninalolijua sasa, na jambo moja ninalotaka kumuuliza mzee." Kusanya madaftari uyasome siku hiyo hiyo. Mtoto aliyeguswa utamwona humo, na utaweza kuzungumza naye pembeni.

Mtoto wangu amepewa kazi ya kumhoji bibi yake kuhusu zamani. Tulikwenda hadi Marangu, bibi kazungumza saa nzima, na daftarini kuna mistari minne. Tumekosea wapi? (Mzazi, Njiro)

Kwenye maandalizi. Swali la "Bibi, zamani mlikuwa mnaishije?" halina pa kushika, mzee anaanza popote, na mtoto hawezi kuandika kwa kasi ya maongezi.

Fanyeni hesabu kwanza. Bibi mwenye miaka 70 mwaka 2025 alizaliwa 1955: Uhuru ulimkuta na miaka 6, Azimio la Arusha na miaka 12, Vita vya Kagera ana 23. Mwandikie mtoto matukio haya kwenye safu moja, na umri wa bibi kwenye safu ya pili. Sasa maswali yanajitunga yenyewe. Bibi wa miaka 12 alikuwa shuleni, basi muulizwe shule: alitembea umbali gani, aliandikia nini, wasichana wangapi walibaki hadi darasa la saba. Na bibi wa miaka 60 asiulizwe anavyokumbuka Uhuru, kwa sababu hakuwa amezaliwa. Akisimulia, anasimulia aliyoyasikia. Hilo nalo lina thamani, ila mtoto aliandike hivyo: "Bibi aliambiwa na mama yake kwamba..." Kutenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia ndiyo kazi kubwa ya zoezi zima.

Maswali matano yanatosha. La kwanza liwe jepesi, la kitu anachoweza kukishika mkononi: sufuria, picha, kadi ya chama cha ushirika, kanga ya zamani. Mzee akishika kitu, kumbukumbu zinakuja zikiwa na mpangilio. Mtoto aombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, asalimie kwanza, "Shikamoo bibi", na mzazi akae pembeni bila kumjibia mzee. Wazazi wengi wanaharibu hapo.

Miaka isimhangaishe bibi. Akisema "ni mwaka ule wa njaa", mtoto asimlazimishe namba. Aulize ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana. Kwa watu wa huku kuna alama zinazokumbukwa na karibu kila mzee: foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, kifo cha Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Kisha mtoto amuulize mzee wa pili swali lile lile. Wakitofautiana, aandike yote mawili. Mwalimu anayekata alama kwa sababu wazee wawili wametofautiana amelikosea zoezi.

Na mkirudi tena Marangu, dakika 25 zinatosha. Baada ya hapo bibi anachoka na mtoto anaanza kuangalia kuku.

Tuna fedha ya basi moja tu kwa mwaka. Tuwapeleke darasa la sita Makumbusho ya Azimio au Boma la Arusha? Na shule isiyo na fedha kabisa ifanye nini? (Mwalimu wa taaluma, Arumeru)

Basi moja linatosha kote kuwili. Boma, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na Makumbusho ya Azimio la Arusha karibu na Mnara wa Mwenge ni mwendo wa miguu. Anzeni Boma asubuhi, watoto wakiwa na nguvu, mmalizie Azimio.

Mwalimu mmoja atangulie wiki moja kabla, peke yake, achague vitu vitatu tu kila mahali. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na matokeo yake ni watoto 60 kupita mbele ya kila kitu wakinakili maandishi ya ukutani ambayo hawayaelewi. Piga marufuku kunakili. Kila mtoto awe na karatasi moja iliyobandikwa kwenye kipande cha boksi gumu, yenye nafasi ya mchoro na maswali matatu: hiki ni nini, kimetengenezwa na nani, kinatuambia nini ambacho kitabu hakisemi. Achore kitu kimoja kwa dakika 15. Mkono ukichora, macho yanalazimika kutazama. Makundi yawe ya watoto wanane na mtu mzima mmoja, na makundi yaanzie sehemu tofauti ili yasibanane mlangoni.

Boma lenyewe ni kielelezo kikubwa kuliko vilivyomo ndani yake. Wasimamisheni nje kwanza. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi 1900, na Waarusha na Wameru walilazimishwa kufanya kazi hiyo. Ukuta una unene gani? Madirisha yanatazama wapi? Nani alibeba mawe? Watoto watatoa majibu mazuri kwa kuangalia tu. Kule Azimio, waanze na jengo pia: ulikuwa ukumbi wa jamii kabla ya kuwa makumbusho, na Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari.

Kwa shule isiyo na fedha, ziara ipo mlangoni. Kwa walioko Moshi, kituo cha reli kinafundisha mengi: reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikachelewa hadi 1929 kufika Arusha, na mji wa leo ulikua kuzunguka kituo hicho, ukaiacha Moshi ya awali mlimani. Jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933, liko mjini hapo hapo. Huko juu vijijini kuna mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia. Tembeeni na mmoja kwa nusu saa, ulizeni nani aliuchimba, nani anausafisha, maji yanagawanywaje, na nani aliwaambia hivyo. Makaburi ya zamani ya kanisani nayo ni mazuri kwa hesabu za miaka, mradi mmeomba ruhusa na mmeepuka ya karibuni.

Nina wanafunzi 84, vitabu 7. Mitihani yetu yote ni ya kuchagua herufi. Je, ninaweza kupima zaidi ya kukariri bila kusahihisha hadi usiku wa manane? (Mwalimu, Usa River)

Unaweza, kwa kubadilisha alama chache tu. Kwenye jaribio la alama 10, acha nne za kuchagua herufi. Mbili ziwe za kupanga matukio manne kwa kutangulia. Hizi zinasahihishwa kwa sekunde. Mbili za sababu. Mbili za ushahidi. Majibu mawili ya mwisho yasizidi sentensi mbili kila moja, na utoe mistari miwili tu ili asiweze kuzidisha.

Vitabu 7 kwa watoto 84 ni kitabu kimoja kwa watoto 12, hiyo haisomeki. Andika aya yako mwenyewe kwenye karatasi ya manila, herufi za sentimita 3, maneno yasiyozidi 60, uibandike mbele. Kwa nyinyi wa Meru tungechagua hii:

"Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa."

Swali la sababu: kwa nini Wameru walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, wasiyaishie Dar es Salaam? Alama moja ukisema serikali ya kikoloni ndiyo iliyowaondoa. Ya pili ukiongeza kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Waingereza wakiitawala kwa niaba yake. Hili la pili hulipati kwenye aya, lazima uwe umelifundisha.

Swali la ushahidi: taja kitu kimoja au mtu mmoja anayeweza kutuhakikishia kwamba watu walihamishwa. Pokea jibu lolote lenye mantiki: mzee aliyekuwapo, barua ya malalamiko, picha, ramani ya mashamba ya walowezi, kumbukumbu za kikao cha New York. Alama ya pili ni kwa kusema kitu hicho kingetuonyesha nini. "Mzee" peke yake ni alama moja. "Mzee aliyekuwa mtoto Ngarenanyuki, angetueleza walichukua nini walipoondoka" ni mbili.

Jiandae kwa kosa moja litakalojirudia: wengi wataandika kwamba Wameru walirudishiwa ardhi yao baada ya Kirilo kusema. Aya haisemi hivyo, na safari ile haikuleta uamuzi wa kuwarudisha. Wanaandika hivyo kwa kuwa hadithi walizozoea huisha kwa mtu mwema kushinda. Usikate alama tu ukaacha. Rudisha madaftari kesho yake, msome aya pamoja, umwambie kila mtoto aweke kidole kwenye neno linalosema walirudishiwa. Hatalipata. Muulize, basi, safari ile ilileta nini. Ilifanya malalamiko ya wakulima wa Meru yasikike nje ya mikono ya serikali iliyowafukuza, na ikawaonyesha Watanganyika wengine kwamba jukwaa hilo lipo. Julai 1954 TANU ikaanzishwa, na mwaka 1955 Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza hilo hilo. Hizo ni kadi mbili za kuongeza kwenye kamba: 1952, mita 3 na sentimita 60 kutoka mwanzo, na 1955, sentimita 15 mbele yake.